Enrico Fermi, mutu wa hesabu ya atomu

Enrico Fermi alizaliwa Roma, inchi ya Italia, mwaka 1901. Baba yake alitumika kwa reli. Mwaka 1926 Fermi akafanya hesabu ya vitu vidogo sana, sawa elektroni, ambavyo viwili vya namna moja haviwezi kukaa katika hali moja.

Mwaka 1938 serkali ya Mussolini ikatoa sheria za kutesa Wayahudi. Laura, bibi yake, alikuwa Muyahudi. Mwezi wa 12 Fermi akaenda na bibi na watoto wao wawili Stockholm kupokea zawadi ya Nobel. Hawakurudi Roma, wakapanda meli ya Marekani. Alikufa Chicago mwaka 1954, na kansere ya tumbo, miaka 53 tu.

Hesabu yake ingali inatumika. Mwaka 2006, kule Marekani, wenye elimu walipoza gazi ya litiumu, madini sawa ile ya Manono, mpaka karibu digrii 273 chini ya zero. Atomu za namna mbili zikashikana mbili mbili, zikatiririka bila kukwama. Walipozidisha namna moja, zile zilizokosa mwenzake zikasukumwa pembeni. Zilipozidi sana, kule kutiririka kukaisha. Gazi ya vile inaitwa mpaka leo gazi ya Fermi.