Tomáš Baťa: Fundi viatu wa Zlín aliyewavisha raba watu wa kawaida

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, majira hujulikana pia kwa kutazama miguu ya wanaume. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, njia za udongo za vijiji vilivyo kati ya Nchelenge na Mununga hugeuka tope, na ndala na gambuti hutamalaki. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na wengi hawanunui kiatu hata kama cha zamani kimepasuka. Kipupwe cha Juni na Julai kinapowadia, tope limekauka, fedha ya samaki imeanza kuzunguka, na raba nyeupe na viatu vya ngozi laini huonekana kanisani, harusini na kando ya viwanja vya mpira.

Kwamba mvuvi au mkulima anaweza kuwa na kiatu cha kazi na kingine cha kujipamba si jambo lililokuwapo tangu zamani. Kwa sehemu kubwa ya historia, kiatu kilishonwa kwa mkono, kilikuwa ghali, na hata Ulaya watoto wengi wa maskini walitembea pekupeku. Miongoni mwa watu waliobadili hali hiyo, wachache wanamfikia Tomáš Baťa, ambaye jina lake, likiwa limepoteza alama iliyo juu ya herufi zake, limeandikwa kwenye soli za viatu vya vizazi kadhaa vya Waafrika.

Mtoto wa karakana

Baťa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1876 katika mji mdogo wa Zlín, eneo la Moravia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria na leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Ukoo wake ulikuwa wa mafundi viatu kwa vizazi vingi. Mama yake alifariki dunia akiwa bado mdogo, na mtoto huyo akakulia kwenye karakana ya baba yake, katikati ya harufu ya ngozi na gundi. Inasimuliwa kwamba alianza kushona viatu vidogo vya mchezo kwa mabaki ya ngozi kabla hajajua kusoma vizuri.

Kazi ya ufundi viatu ilikuwa ya msimu. Mafundi wa Zlín walitengeneza zaidi viatu vyepesi vya nyumbani, wakavipeleka kwenye magulio, na mapato yao yalipanda na kushuka kwa kufuata sikukuu na hali ya hewa. Gulio likiharibika kwa mvua, familia ililala njaa. Akiwa kijana wa miaka 15 Tomáš alikwenda Vienna kujaribu kujitegemea, akashindwa, akarudi nyumbani.

Deni lililozaa kiatu

Mwaka 1894, yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walitumia urithi wa mama yao kufungua kampuni ya viatu mjini Zlín. Tangu mwanzo walifanya jambo lisilo la kawaida kwa mji huo: waliweka saa maalumu za kazi na kulipa ujira kila wiki, badala ya kumwachia fundi abahatishe kati ya gulio moja na jingine.

Lakini mwaka uliofuata walizama kwenye madeni. Walikuwa wamenunua malighafi kwa mkopo, na hati za kulipa zilipoiva fedha haikuwapo. Antonín aliitwa jeshini, na mzigo wote ukamwangukia Tomáš, kijana wa miaka 19 asiyeweza tena kupata ngozi kwa mkopo.

Alichokuwa nacho ni kitambaa kigumu cha turubai. Akakikata kwa kipimo cha kiatu, akakitia soli ya ngozi, na kiatu kilichotokea kikawa chepesi na cha bei ndogo kuliko chochote kilichokuwa sokoni. Wateja walikipenda kwa sababu kilifaa majira ya joto, hakikumchosha mvaaji, na kilikuwa na umbo la kupendeza ambalo awali lilikuwa la wenye nacho. Kiatu hicho kikaja kuitwa kwa jina la ukoo wake. Madeni yalilipwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilikuwa imetoka kwenye karakana na kuwa kiwanda.

Hapo ndipo ilipo asili ya bahati yake, na pengine ya mawazo yake yote ya baadaye. Baťa hakufika kwenye kiatu cha turubai kwa kutafuta mtindo mpya. Alikifikia kwa kukosa ngozi.

Kibarua katika kiwanda cha Marekani

Mwishoni mwa mwaka 1904, akiwa tayari ni mmiliki wa kiwanda, Baťa alisafiri hadi Marekani pamoja na wafanyakazi wake watatu. Walikwenda Lynn, katika jimbo la Massachusetts, mji uliokuwa kitovu cha viwanda vya viatu, na huko akafanya kazi kama kibarua wa kawaida. Alitaka kujua kwa mikono yake mwenyewe kwa nini mfanyakazi wa Marekani alitoa jozi nyingi zaidi kwa siku kuliko mwenzake wa Moravia.

Alirudi mwaka 1905 akiwa na jibu: mashine, mgawanyo wa kazi, na mfanyakazi anayeona faida ya kuharakisha. Alijenga kiwanda kipya cha matofali cha ghorofa kadhaa kwa mfano wa Kimarekani. Hata hivyo, mwaka 1906 wafanyakazi wake waligoma, naye hakukubali madai yao. Tangu wakati huo hakuvipenda vyama vya wafanyakazi, na chuki hiyo ilidumu maisha yake yote.

Antonín alifariki dunia mwaka 1908 na Tomáš akabaki msimamizi pekee. Mwaka 1912 alimwoa Marie Menčíková, na mwaka 1914 wakapata mtoto wao wa kiume, aliyepewa jina la baba yake.

Bei yakatwa nusu

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka huohuo wa 1914, Baťa alikimbilia Vienna kutafuta zabuni na akarudi na oda ya jozi 50,000 za buti za jeshi. Oda hiyo iliwaokoa mafundi wengi wa Zlín wasipelekwe mstari wa mbele, nacho kiwanda kikakua hadi kuajiri maelfu ya watu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baada ya vita. Chekoslovakia ilikuwa taifa jipya, na sarafu yake ilipopanda thamani kwa kasi, bidhaa zake zikawa ghali mno nje ya nchi. Viwanda vilifungwa na maghala yakajaa viatu visivyo na mnunuzi. Wenye viwanda wengi waliomba msaada wa serikali na kupunguza watu.

Mwishoni mwa Agosti 1922, Baťa alitangaza kwamba bei ya viatu vyake ingeshuka kwa takriban nusu. Mabango yalionyesha ngumi ikiuvunjavunja ugumu wa maisha. Upande wa pili wa uamuzi huo haukuwekwa kwenye mabango: ujira wa wafanyakazi ulikatwa kwa asilimia 40, huku kampuni ikiahidi kuwauzia chakula na nguo kwa bei ya chini katika maduka yake. Washindani walidhani amerukwa na akili. Lakini wanunuzi walipanga foleni, maghala yakawa matupu, na baada ya muda kiwanda kikaanza kuajiri tena.

Kuanzia hapo hesabu yake ilianza mwishoni. Badala ya kujumlisha gharama kisha kutaja bei, aliuliza kwanza mtu wa kawaida anaweza kulipa kiasi gani, kisha akawataka wahandisi wake watengeneze kiatu kinachoingia ndani ya kiasi hicho. Bei zilizoishia na tarakimu 9 zikawa alama yake.

Mji wa mwajiri mmoja

Mwaka 1923 Baťa alichaguliwa kuwa meya wa Zlín, wadhifa alioushikilia hadi kifo chake. Mwaka 1924 alianzisha utaratibu wa kila idara kujihesabia faida na hasara kana kwamba ni duka linalojitegemea, na wafanyakazi wengi wakapata mgawo wa faida. Alijenga nyumba za matofali zenye bustani, hospitali, shule na jumba la sinema. Vijana waliingia katika shule yake ya kazi, wakisoma jioni na kufanya kazi kiwandani mchana. Mji uliokuwa na watu wasiofika 5,000 mwaka 1921 ulikuwa na zaidi ya 20,000 mwaka 1930.

Lakini mtu aliyempa mfanyakazi kazi ndiye aliyempa nyumba, duka, gazeti na daktari. Aliyefukuzwa kazi aliweza kupoteza na paa. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi na Wakomunisti hawakuwa na nafasi, na mwenendo wa wafanyakazi ulifuatiliwa hata nje ya kiwanda. Mwaka 1933 mfanyakazi wa zamani wa kampuni, Svatopluk Turek, alichapisha riwaya iliyoukosoa vikali mfumo huo, na kampuni ikaenda mahakamani kuizuia. Mjadala kama Zlín ilikuwa pepo ya mfanyakazi au gereza lenye bustani haujaisha hadi leo.

Ukungu wa Otrokovice

Kadiri nchi nyingi zilivyopandisha ushuru wa bidhaa za kigeni, Baťa aliona kwamba njia pekee ni kujenga viwanda ndani ya nchi hizohizo. Mwishoni mwa mwaka 1931 aliruka kwa ndege ya kampuni kupitia Misri na Mashariki ya Kati hadi India na visiwa vya mashariki ya mbali, akichunguza masoko na mashamba ya mpira.

Alfajiri ya tarehe 12 Julai 1932 alifika kwenye uwanja wa ndege wa Otrokovice, karibu na Zlín, akielekea Uswisi. Ukungu ulikuwa mzito. Inaelezwa kwamba rubani wake, Jindřich Brouček, alitaka wasubiri, lakini Baťa hakuwa mtu wa kusubiri. Dakika chache baada ya kupaa, ndege yao aina ya Junkers ilianguka na wote wawili wakafa papo hapo. Baťa alikuwa na umri wa miaka 56. Haraka iliyomjengea utajiri ndiyo iliyomwondoa duniani, pamoja na mtu aliyekuwa ameiona hatari.

Viatu vyafika Afrika

Kaka yake wa baba mmoja, Jan Antonín Baťa, ndiye aliyechukua uongozi na kuipanua kampuni duniani. Nchini India ulijengwa mji wa Batanagar, na mwaka 1936 huko kulianza kutengenezwa raba ya turubai yenye soli ya mpira kwa ajili ya wanafunzi. Gweru, katika Zimbabwe ya leo, na Limuru nchini Kenya zikawa vituo vikuu vya kampuni barani Afrika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mali za kampuni nchini Chekoslovakia zilitaifishwa, na mtoto wa Tomáš, aliyekuwa amehamia Kanada, akaijenga upya kutoka huko. Nchini Tanzania, kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua hisa nyingi za tawi la kampuni hiyo.

Kwa Afrika Mashariki na Kati, kiatu cha bei nafuu kilikuja pamoja na mshahara. Wanaume wengi wa mkoa wa Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Zambia na ya Katanga, na aliyerudi nyumbani alitazamwa kwanza miguuni. Katika miaka ya 1950, wacheza ngoma ya Kalela katika miji ya migodi walicheza wakiwa na suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Kwa watu ambao utawala wa kikoloni uliwatendea kama watoto, utanashati ulikuwa njia mojawapo ya kudai heshima.

Kutoka Limuru zilitoka ndala za patapata za msimu wa mvua, buti za safari za ngozi ya kahawia kwa ajili ya vumbi la kiangazi, na raba ambazo mwanamume aliweza kuzivaa kazini na matembezini. Kampuni ilifuata majira ya mahali, ikaweka bei kwa kufuata mfuko wa mahali.

Tangu miaka ya 1990, Zambia ilipofungua soko lake, ushindani umekuwa mkali. Mtumba, unaoitwa salaula kwa Kibemba, kwa maana ya kuchagua kwa kupekuapekua rundo, huleta raba za majina makubwa ya Marekani na Ulaya hadi masoko ya kando ya ziwa. Viatu vipya kutoka China huuzwa kwa bei ambayo hata Baťa angeitafakari. Kanuni aliyoitumia mwaka 1922 kuwashinda wenzake sasa inatumiwa na wengine dhidi ya jina lake.

Na bado, katika masoko hayohayo, hukaa fundi viatu mwenye sindano, uzi na kopo la gundi, akishona raba iliyoachana na soli ili imfikishe mwenyewe hadi mwisho wa msimu. Kazi yake haiko mbali sana na ile ya kijana wa Zlín ambaye mwaka 1895 hakuwa na ngozi, akatazama alichonacho, akakata turubai.