Lazzaro Spallanzani, padri aliyeweka mbegu za uzazi ndani ya theluji

BUNIA – Katika wilaya za Djugu, Irumu na Mahagi, mfugaji akinyang'anywa dume lake hapotezi nyama peke yake. Anapoteza pia ukoo wa ng'ombe alioachiwa na wazee wake. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, kisha mashambulizi yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, viliacha mazizi mengi matupu katika jimbo la Ituri.

Iko njia ya kulinda ukoo hata dume likiwa limekufa: kugandisha mbegu zake. Kati ya watu wa kwanza kuzijaribu mbegu kwa baridi ni padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani.

Alizaliwa Scandiano tarehe 12 Januari 1729. Baba yake, mwanasheria, alimtuma Bologna asome sheria. Huko, Laura Bassi, ndugu yake aliyekuwa profesa wa fizikia, alimvuta kwenye sayansi. Alipata upadri, akafundisha Reggio na Modena, na kuanzia 1769 chuo kikuu cha Pavia.

Mwaka 1776 aliweka mbegu za kiume katika theluji, akazitazama kwa hadubini. Zilitulia kama zimekufa. Zilipopata joto, zilianza kuogelea tena. Miaka hiyohiyo alitia mbegu za mbwa dume ndani ya jike kwa bomba la sindano. Baada ya siku 62 jike alizaa watoto watatu.

Hata hivyo alikosea jambo kubwa. Aliamini kwamba kiumbe kizima kimo ndani ya yai la jike, na kwamba vidudu alivyoviona vikiogelea havina kazi katika uzazi. Alifariki Pavia tarehe 11 Februari 1799, akiwa na miaka 70, bila kurekebisha kosa hilo.

Kazi ilikaa miaka mingi. Mwaka 1949, huko Uingereza, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua kwamba gliserini inakinga mbegu, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake yakiwa barafu huzipasua. Mwaka 1951 alizaliwa ndama wa mbegu zilizogandishwa.

Leo mbegu za dume huwekwa katika azoti ya maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Hata hivyo, nyingi hufa zinapoyeyushwa. Mayai ya ng'ombe ni magumu zaidi kuhifadhi: ni makubwa, yamejaa maji, na barafu huyaharibu kwa urahisi. Ndiyo maana mara nyingi hugandishwa mimba changa ya siku saba hivi, siyo yai lenyewe.

Kwa mfugaji wa Ituri, shida ni barabara. Azoti hupungua kila siku, hata chupa ikiwa imefungwa. Njia ikikatwa na watu wenye silaha na azoti ikaisha, mbegu zote hufa, na haziwezi kugandishwa upya. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mfugaji amuulize daktari wa mifugo chupa ilijazwa lini.