Charlie Brooks wa Fort Worth: Mtu wa kwanza kuuliwa kwa sindano

Huku Ghuba ukitaja Texas, wengi wetu tunafikiria mafuta na hospitali. Familia nyingi za Muscat, Dubai na Doha zina mtu aliyewahi kwenda Houston kutibiwa, au mtoto anayesoma huko au upande wa Dallas. Leo nataka nikuhadithieni habari za mtu wa upande huo huo, mzaliwa wa Fort Worth, ambaye jina lake limeingia katika historia kwa mlango ambao hakuna mtu angetaka kuupitia.

Jina lake ni Charles Brooks, wenziwe wakimwita Charlie. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Disemba 1982 alikuwa mtu wa kwanza duniani kuuliwa kwa sindano ya dawa kwa hukumu ya mahakama. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikufa Muislamu, na jina alilokuwa akilitumia wakati huo ni Shareef Ahmad Abdul-Rahim.

Kisa chake kina mambo mengi, lakini kuna swali moja ambalo mie kila nikilisoma upya linanikera: risasi ilikuwa moja, watu walikuwa wawili, na mpaka anafungwa mikanda pale kitandani mahakama haikujua nani kati yao aliyefyatua.

Kijana wa I.M. Terrell

Charlie alizaliwa mwaka 1942. Fort Worth iko ubavuni mwa Dallas, na siku hizi miji hiyo miwili imekua mpaka ikaungana. Mtu akisikia kesi ya namna hii hudhani mshtakiwa ametoka katika dhiki kubwa. Huyu sivyo. Kwao walikuwa watu wanaojiweza, na yeye alisoma I.M. Terrell, shule iliyokuwa ya watu weusi enzi za ubaguzi, maana kisheria hawakuruhusiwa kukaa darasa moja na weupe. Shule hiyo ilitoa watu wakubwa, akiwemo mpiga saksafoni Ornette Coleman. Charlie yeye alijulikana uwanjani, akicheza futiboli ya Kimarekani.

Baadaye mambo yakaharibika. Akaanza kuingia na kutoka jela, na kipindi kimoja alifungwa Leavenworth, jela ya serikali kuu iliyoko Kansas, kwa kosa la kumiliki silaha kinyume cha sheria.

Kisha ikaja tarehe 14 Disemba 1976. Charlie alikwenda kwenye duka la magari yaliyokwisha tumika mjini Fort Worth, akasema anataka kulijaribu gari moja. Fundi wa pale, kijana wa miaka 26 aitwaye David Gregory, akapanda naye kama ilivyokuwa kawaida ya duka. Charlie akampitia mwenzake, Woodie Loudres. Yule fundi akatiwa kwenye buti ya gari, akapelekwa moteli. Huko alifungwa kwenye kiti kwa henga za nguo, akazibwa mdomo kwa plasta, akapigwa risasi moja ya kichwa.

Naomba tusimame hapo kidogo. Makala nyingi zinazomhusu Charlie zinampita huyu kijana haraka haraka, kama kwamba yeye ni sababu tu ya hadithi kuanza. Gregory alitoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki, na hakuwa na ugomvi na mtu. Lolote tutakalolisema kuhusu hukumu ya kifo lazima libebe uzito wa damu yake, vinginevyo tunadanganyana.

Mwaka wenyewe ulivyokuwa

Tukio hilo lilitokea miezi mitano tu baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuruhusu tena hukumu ya kifo. Mwaka 1972 mahakama hiyo hiyo ilizisimamisha hukumu hizo nchi nzima, kwa kuwa zilikuwa zikitolewa ovyo, huyu anauliwa na yule mwenye kosa kama lake anaachwa. Julai 1976 ikasema majimbo yaliyorekebisha sheria, Texas ikiwemo, yanaweza kuendelea.

Texas ilikuwa na kiti cha umeme tangu 1924. Watu 361 walikalishwa juu yake mpaka 1964, na wa mwisho alitoka wilaya ya Harris, yaani Houston. Lakini kufikia miaka ya sabini kiti kile kilikuwa kinatia aibu. Mwandishi mmoja wa televisheni ya Dallas alifika mahakamani kudai haki ya kurekodi mtu akiuliwa, na jaji wa kwanza akamkubalia, ingawa mahakama ya rufaa ilikuja kuutengua uamuzi huo. Fikiria wananchi wanakaa kula chakula cha usiku huku wanamuona mtu anaungua kwa umeme! Mwaka 1977 Oklahoma, na mara baada yake Texas, zikapitisha sheria ya kutumia sindano. Hoja ilikuwa kwamba ni njia ya kiutu zaidi, mtu analala tu.

Chama cha madaktari cha Marekani hakikupendezwa. Mwaka 1980 kilitoa msimamo kwamba daktari haifai kushiriki, kwa kuwa kazi yake ni kuokoa roho. Sheria lakini ilibaki, ikimngojea mtu wa kwanza.

Kungoja

Charlie na Loudres wote wawili walihukumiwa kifo, kila mmoja katika kesi yake. Hakuna aliyekubali kusema nani aliyefyatua. Sheria ya Texas inaruhusu mshiriki kubeba kosa sawa na mtendaji, kwa hiyo kimya chao hakikuwaokoa.

Mwaka 1978 Charlie alipelekwa kwenye jengo la waliohukumiwa kifo, ambalo siku zile lilikuwa jela ya Ellis, nje kidogo ya mji wa Huntsville. Aliyewahi kwenda kwa gari kutoka Houston mpaka Dallas kwa barabara ya I-45 ameupita mji huo, kiasi cha kilomita 110 kutoka Houston. Mie nimeipita njia hiyo mara kadhaa nikienda kuwaona jamaa. Unachokiona ni sanamu kubwa jeupe la Sam Houston limesimama miongoni mwa misonobari. Hakuna kibao kinachokwambia kwamba katikati ya mji huo, ndani ya jela yenye kuta za matofali mekundu, ndipo jimbo zima linapoulia watu wake.

Huko jela ndiko Charlie alikoingia katika Uislamu na kubadilisha jina. Wapo wanaosema mfungwa akikaribia kifo hushika dini kwa hofu. Inawezekana kwa baadhi ya watu, na yaliyomo moyoni anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini majuto ni mjukuu, na mtu anayejua kwamba atauliwa ana muda wa kumuona huyo mjukuu akikua mbele ya macho yake. Katika maelezo aliyoyaacha, Charlie alisema kwamba haogopi litakaloupata mwili wake, anamuogopa Mungu tu, na kwamba maisha haya ni matayarisho ya yale yajayo.

Na Loudres je? Rufaa yake ilikubaliwa kwa kasoro za kesi. Badala ya kumshtaki upya kwa hukumu ya kifo, upande wa serikali ulikubaliana naye akiri na afungwe miaka 40. Kwa hesabu za huko miaka 40 haina maana ya miaka 40, na baada ya kiasi cha miaka 11 alitoka. Kosa lao lilikuwa moja, chumba kimoja, na risasi moja. Mmoja akafa, mwengine akarudi kwao.

Mwendesha mashtaka anageuka

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi. Aliyeendesha mashtaka dhidi ya Charlie, wakili Jack Strickland, ndiye huyo huyo aliyekuja kuomba asiuliwe. Hakusema Charlie hana hatia. Alichokiona ni kwamba yeye mwenyewe hajui nani aliyemuua Gregory, na kwamba si haki watu wawili wa kosa moja wapate malipo yanayotofautiana kama mbingu na ardhi. Mwanasheria kusimama hadharani kuomba hukumu aliyoihangaikia mwenyewe isitekelezwe si jambo dogo, khasa Texas.

Bodi ya misamaha ilikataa. Mahakama Kuu kule Washington nayo ilikataa kusimamisha, majaji 6 dhidi ya 3. Jaribu kuzihesabu hizo kura: wawili tu wangebadili mawazo, Charlie angeiona asubuhi.

Baada ya saa sita usiku alilazwa kwenye kitanda chenye magurudumu, akafungwa mikanda, akatiwa dripu mkononi. Alikuwepo mchumba wake, muuguzi, na Charlie akamuaga kwa maneno ya mapenzi. Walikuwepo pia viongozi wa dini wa Kiislamu. Akatamka shahada. Dawa zilikuwa tatu: ya kwanza ya usingizi, ya pili ya kupoozesha misuli mpaka pumzi, ya tatu ya kusimamisha moyo. Saa sita na dakika 16 ikatangazwa kwamba amekufa. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliwa Texas baada ya miaka 18, na mtu mweusi wa kwanza nchini Marekani tangu hukumu hiyo irejeshwe.

Mlango uliofunguka

Waliotaka sindano walisema itapunguza ukatili. Labda ilipunguza yale yanayoonekana kwa macho. Lakini kitu kinachofanana na chumba cha hospitali hakimtishi mtu, na kisichotisha hurahisika. Tangu usiku ule Texas imewaua watu zaidi ya 590, kuliko jimbo jengine lolote, wote kwa sindano. Wilaya ya Harris, yenye mji wa Houston, peke yake imepeleka zaidi ya 130, na baada yake inafuata Dallas. Njia yenyewe ilisambaa karibu Marekani nzima, ikavuka bahari ikafika China, Thailand na Vietnam.

Tangu 1999 wanaume wanaongojea zamu yao wanawekwa jela ya Polunsky, karibu na mji wa Livingston, mashariki mwa Huntsville. Wanakaa peke yao kwenye seli saa 22 na zaidi kwa siku, na wengi wanangoja zaidi ya miaka 10. Siku ikifika wanasafirishwa kwa gari mpaka Huntsville, kwenye zile zile kuta.

Kinachokosekana

Nchi tunazoishi huku Ghuba nazo zina hukumu ya kifo, kwa hiyo sisi si watu wa kuwanyooshea wengine kidole. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu 1994, ingawa mahakama zao ziliendelea kutoa hukumu hizo. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi tumelelewa nalo na Charlie hakulikuta: katika sheria ya kisasi, wenye damu wana kauli. Baba, mama, mjane au watoto wa aliyeuliwa wanaweza kusamehe, au kupokea dia, hata dakika ya mwisho, na hakimu akawasikiliza. Sote tumewahi kusikia habari za mzee aliyesamehe uwanjani watu wakalia.

Texas mlango huo haupo. Mwaka 2011 Dallas ilishuhudia jambo la ajabu. Mark Stroman, aliyewapiga risasi watu watatu baada ya Septemba 11 akidhani ni Waarabu, alikuwa anangojea kuuliwa. Wawili walikufa, Waqar Hasan na Vasudev Patel. Wa tatu, Rais Bhuiyan, Muislamu kutoka Bangladesh, alipona akapoteza uoni wa jicho moja. Bhuiyan akamsamehe, akazunguka kuomba asiuliwe, mpaka akamshtaki gavana mahakamani, na akasema wazi kwamba dini yake ndiyo iliyomfunza kusamehe. Haikusaidia. Stroman aliuliwa tarehe 20 Julai mwaka huo.

Kwa Charlie aliyeomba ni mwendesha mashtaka, na kwa Stroman ni majeruhi mwenyewe. Wote wawili waliambiwa kwamba hukumu ni ya serikali, si yao. Mie sisemi Charlie alionewa kwa kutiwa hatiani, maana alimchukua mtoto wa watu na hakurudi. Lakini serikali inapomtoa mtu roho, angalau ijue alichokifanya kwa mkono wake. Nani aliyemuua David Gregory, mahakama za Texas hazikuwahi kujua, na aliyebeba nusu ya jibu walishamzika.