Pierre Curie: Aliyegundua umeme wa mawe
Pierre Curie alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1859. Utotoni hakupelekwa shule, alisomeshwa nyumbani. Mwaka 1880, yeye na kaka yake Jacques waligundua kuwa mawe angavu kama kwatzi yakibanwa hutoa umeme kidogo. Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mkewe Marie na Henri Becquerel kwa utafiti wa mionzi.

Aprili 19, 1906 alikanyagwa na gari la farasi mjini Paris, akafariki akiwa na miaka 46.

Ugunduzi wake ungali kazini viwandani. Kifaa kidogo hufungwa kwenye mashine. Ikitetemeka, uzito uliomo ndani hubana fuwele na umeme hutoka. Umeme ukiongezeka, fundi hujua mtetemo umezidi, huenda beringi imechakaa, naye huibadilisha kabla haijavunjika.