John Carrington, mwalimu wa Yakusu aliyechunguza sauti ya lokole

Kabla ya redio na simu, habari za kifo, za ndoa au za mkutano zilipita kijiji hadi kijiji kandokando ya mto Congo kwa sauti ya lokole. Mgeni mmoja aliyefika karibu na Kisangani mwaka 1938 alitumia miaka mingi kuelewa namna habari hizo zilivyosafiri. Jina lake ni John Carrington.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1914, akasomea elimu ya mimea, kisha misioni ya Wabaptisti ikamtuma kufundisha Yakusu, kwa Walokele, kilomita zipatazo 20 kutoka Kisangani ukishuka na mto. Siku moja alienda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa. Alikuta watu wamekwisha kukusanyika, wanamngoja. Lokole ilikuwa imewapasha habari. Akaanza kujifunza.

Lokole haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mpasuko mrefu, ukingo mmoja ukitoa sauti nene, wa pili sauti nyembamba. Fimbo ikigonga, ubao unatetemeka na kusukuma hewa iliyo karibu, nayo inasukuma ile inayofuata. Hewa ya Yakusu haitoki Yakusu: inasukumwa kidogo, inarudi mahali pake, kama majani yanayoelea mtoni yanavyopanda na kushuka wimbi la pirogi likipita. Kinachoenda mbali ni nguvu ya mkono wa mpigaji, kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Kijiji kilicho kilomita 5 kinasikia baada ya sekunde 15.

Lakini nguvu hiyo inatawanyika. Umbali ukiwa mara mbili, sikio linapokea robo tu. Ndiyo sababu wazee walipenda kupiga usiku na alfajiri. Saa hizo hewa iliyo karibu na maji ni baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Iliweza kufika karibu kilomita 10. Pale ilipochoka, mpigaji wa kijiji kingine aliyeisikia aliurudia ujumbe kwa mkono wake, na wimbi likaanza upya na nguvu mpya.

Carrington aligundua pia kwamba lokole inafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yenyewe. Katika Kilokele, ukikosea sauti, mtu anayetazama ukingo wa mto anageuka kuwa mtu anayempika mama mkwe wake! Tena, kwenye lokole, maneno ya baba, mwezi na kuku yana mapigo sawasawa. Kwa hiyo mpigaji hasemi mwezi tu, anasema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Ujumbe unakuwa mrefu, lakini anayesikia kwa mbali hakosei.

Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya lokole za Afrika kilichosomwa katika nchi nyingi. Wanakijiji walimpa jina lake la lokole, na alipokuwa msituni mke wake aliweza kumwita kwa chakula kwa njia hiyo. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani. Alifariki mwaka 1992.

Jambo lililomsikitisha ni kuona vijana, hata wa shule za misioni, wakiacha kujifunza lokole. Leo antena za simu zinafanya kazi inayofanana na ile ya wapigaji wa zamani: zinapokea wimbi lililopungua nguvu na kulirusha tena, ingawa mawimbi yao hayahitaji hewa. Antena iliyoharibika, fundi anaweza kuibadilisha. Mzee anayejua maneno ya lokole akifa bila kumfundisha mtu, hakuna wa kuurudisha ujumbe wake.