Fridtjof Nansen: Mtu aliyeijua theluji kabla ya kuikanyaga

Kila anayeendesha baiskeli kijijini anajua kwamba njia ileile haipitiki kwa namna moja mwaka mzima. Kiangazi tairi jembamba linazama kwenye mchanga. Masika yakiingia, tope linanasa kwenye magurudumu mpaka unashuka na kusukuma. Mvua ikishakatika na udongo ukashikana, baiskeli inakwenda kama yenyewe.

Theluji nayo iko hivyo. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, kileleni mwa Kilimanjaro au kwenye picha, na tunaiona ni kitu kimoja cheupe. Leo tunamweleza mtu aliyejua kwamba theluji ina sura nyingi, na kwa kujua hilo akawavusha wenzake watano mahali ambapo wengi waliamini wangefia. Jina lake ni Fridtjof Nansen, raia wa Norwei.

Alikulia juu ya mbao mbili

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Christiania, ambao leo ni Oslo, mji mkuu wa Norwei. Huko majira ya baridi ni marefu, na tangu zamani watu walitembea kwa skii. Hizi ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa kidogo mbele, ambazo mtu huzifunga chini ya viatu.

Kazi ya kwanza ya skii ni kumzuia mtu asizame. Ukikanyaga tope kwa mguu mtupu, unazama. Ukiweka ubao juu ya tope ukapita juu yake, unavuka, kwa sababu uzito wako umetawanyika. Kazi ya pili ni kuteleza. Ubao ukisugua theluji, joto dogo linatokea na kuyeyusha utando mwembamba sana wa maji, na utando huo ndio unaouwezesha ubao kwenda.

Nansen alianza kutumia skii akiwa mtoto mdogo. Baadaye alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1882 akapanda meli ya wawindaji wa sili iliyomfikisha karibu na pwani ya mashariki ya Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu. Aliporudi alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Bergen. Mwaka 1884 alivuka milima kwa skii wakati wa baridi, kutoka Bergen hadi Christiania.

Theluji si moja

Tueleze kidogo alichokuwa anakijua mtu kama huyu. Theluji mpya iliyoanguka usiku ni laini kama pamba. Ubao mwembamba unazama, ubao mpana unaelea. Theluji iliyopigwa na jua la mchana inalowa, inakuwa nzito na kung'ang'ania mbao. Ikipata baridi tena usiku, juu inakuwa gamba gumu. Hapo kutembea ni rahisi, lakini kwenye mteremko ubao unakosa pa kushika.

Aina inayowashangaza wengi ni theluji ya baridi kali sana. Tungedhani baridi ikizidi ndipo utelezi unazidi. Sivyo. Chembe zake zinakuwa kavu na zenye ncha kali, na ule utando wa maji hautokei vizuri. Kuburuta mzigo juu yake ni kama kuuburuta kwenye mchanga.

Safari isiyo na njia ya kurudi

Mwaka 1888 Nansen alipanga kuvuka Greenland kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waliojaribu kabla yake wengi walianzia magharibi, kwenye makazi ya watu, na walipochoka walirudi walikotoka. Yeye aliamua kuanzia mashariki, ambako hakukuwa na makazi ya kukimbilia. Ukianzia huko, chakula na usalama viko mbele yako tu. Wapo waliomwona mwendawazimu.

Kwa hiyo vifaa ndivyo vilivyobeba uhai wao. Alichukua jozi tisa za skii. Mbili zilikuwa za mti wa mwaloni, na zilizobaki za mti wa mbetula. Zile za mbetula alizifunika chini kwa bati jembamba la chuma, akitarajia theluji yenye maji ambayo ingeng'ang'ania mbao. Chini ya mguu aliacha nafasi na kuweka kipande cha ngozi yenye manyoya, ili ubao usirudi nyuma wakati wa kupanda.

Mizigo ilipakiwa kwenye sleji tano, yaani mikokoteni isiyo na magurudumu. Nansen alifuata mfano wa sleji za vijijini kwao, ambazo mbao zake za chini ni pana kama skii. Upana wake ulikuwa karibu sentimita 9 na nusu, na kila sleji ilikuwa na uzito usiofika kilo 15, ingawa ilibeba kilo 100 au zaidi. Waburutaji walikuwa binadamu, si mbwa.

Walikuwa watu sita: Nansen mwenyewe, Otto Sverdrup, Oluf Dietrichson, Kristian Kristiansen Trana, na Wasami wawili, Samuel Balto na Ole Ravna. Wasami ni wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, watu waliozoea skii kwa vizazi vingi.

Kutoka majimaji hadi mchanga mweupe

Tarehe 17 Julai walishuka melini kwa mashua mbili. Vipande vya barafu baharini viliwabana na kuwapeleka kusini kwa siku 12. Walipofika nchi kavu ilibidi wapige makasia kurudi kaskazini, na ilikuwa katikati ya Agosti walipoanza kupanda.

Mwanzoni walikutana na mvua, nyufa za kutisha na theluji ya majimaji. Walichofanya ni kulala mchana na kutembea usiku, wakati baridi imekaza uso wa barafu. Mwishoni mwa Agosti, kwa sababu ya dhoruba na muda kuyoyoma, Nansen alibadilisha uelekeo na kulenga Godthåb, mji ambao leo unaitwa Nuuk.

Kadiri walivyopanda, baridi iliongezeka na theluji ikageuka kuwa ile ya mchanga. Walifika zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi ilishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Walikuwa na njaa kali ya mafuta, kwani nyama yao ya kukausha haikuwa na mafuta ya kutosha. Kila mmoja alibeba kifuani chupa bapa ya bati iliyojaa theluji, ili joto la mwili liiyeyushe apate maji ya kunywa.

Tangu mwanzo wa Septemba skii zilikuwa miguuni mwao siku baada ya siku. Bila mbao hizo wangezama kila hatua, na mtu anayezama kila hatua huku akiburuta kilo 100 hafiki mbali. Mteremko wa magharibi ulipoanza, walifunga sleji pamoja, wakatweka tanga, na upepo ukawasukuma kwa kasi.

Mwishoni mwa Septemba waliiona bahari. Nansen na Sverdrup walitengeneza mashua kwa vijiti na turubai ya hema, wakafika Godthåb tarehe 3 Oktoba. Meli za mwaka huo zilikuwa zimewapita, hivyo walikaa huko majira yote ya baridi. Mwaka 1889 walirudi kwao wote sita, wazima.

Mbao juu ya chuma

Mwaka 1893 Nansen alikwenda tena kaskazini, na meli yake Fram ikaachwa igande makusudi kwenye barafu ya Bahari ya Aktiki. Mwaka 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliiacha meli na kuelekea Ncha ya Kaskazini kwa skii, mbwa na sleji. Safari hii, chini ya bati la sleji waliweka mbao nyembamba zilizolowekwa lami na mafuta, kwa kuwa kwenye theluji kavu ya baridi kali mbao huteleza kuliko chuma. Walifika digrii 86 na dakika 14 kaskazini. Hakuna aliyekuwa amefika mbali hivyo kabla yao.

Hata leo vijana wa nchi za baridi wanaoteleza kwa ubao mmoja mpana wanafuata kanuni zilezile: ubao mpana kwa theluji laini, kingo kali za chuma kwa theluji ngumu, na nta tofauti kwa kila kiwango cha baridi.

Kutoka barafuni hadi kwa wakimbizi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Nansen alifanya kazi na Shirikisho la Mataifa. Alisimamia kurudishwa makwao wafungwa wa vita zaidi ya 400,000. Kisha akakabili tatizo la wakimbizi waliokwama mipakani kwa kukosa hati. Mwaka 1922 ikaanzishwa hati iliyoitwa pasipoti ya Nansen, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 13 Mei 1930.

Jina lake liliwahi kufika hadi kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi hutoa tuzo yenye jina la Nansen, na mwaka 1983 aliyeipokea ni Mwalimu Julius Nyerere, kwa namna Tanzania ilivyowapa wakimbizi mahali pa kuishi na ardhi ya kulima.