Tom Mboya: Kwa nini mashabiki wa Gor humpitia kabla ya mechi

Siku Gor Mahia inacheza Nairobi, pita Moi Avenue karibu na jengo la Nyaraka za Kitaifa. Mara nyingi utapata watu wa jezi za kijani wamezunguka sanamu ya Tom Mboya, ngoma zinalia, kabla waelekee uwanjani. Unajua alikuwa mwanasiasa na kwamba aliuawa hapo hapo tao. Lakini anahusiana vipi na boli?

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, mzaliwa wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa mkata mkonge. Pesa za masomo zilikuwa shida, kwa hivyo baada ya kusoma Mang'u alienda Jeanes School, Kabete, kufunzwa ukaguzi wa afya. Ukipanda mat ya Lower Kabete unapita hapo. Siku hizi ni Kenya School of Government.

Alipoajiriwa na Baraza la Jiji, alikuta Mwafrika analipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Hakubaki kunung'unika. Aliwakusanya wenzake kwenye chama, na kufikia 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Kenyatta alikuwa ndani na vyama vya siasa vilikuwa vimebanwa, kwa hivyo sauti ya wafanyakazi ilikuwa kati ya chache zilizosikika.

Mwaka wa 1957 aliingia bungeni kuwakilisha Nairobi. Mwaka wa 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Waliofuata 1960 walikuwa pamoja na Wangari Maathai. Halafu 1961, Nairobi Mashariki, alipata kura zaidi ya 31,000 dhidi ya Dkt Munyua Waiyaki, ambaye hakufikisha hata 3,000. Wengi waliompigia hawakuwa Wajaluo. Shika hilo, tutalihitaji.

Sasa boli. Ligi ya taifa ilianza 1963. Luo Union wakaishinda 1964, lakini Abaluhya United, ambao leo unawaita AFC Leopards au Ingwe, wakabeba 1966 na 1967 mfululizo. Wachezaji wakali wa Kijaluo walikuwa wamegawanyika kati ya Luo Union na Luo Stars. Mboya alikuwa miongoni mwa viongozi waliosukuma timu hizo ziungane, na Februari 17, 1968, Gor Mahia ikazaliwa, ikapewa jina la mganga maarufu wa zamani. Msimu huo huo wa kwanza wakatwaa ligi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Tangu 1966, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ametoka KANU na kuunda KPU, na Mboya akabaki serikalini. Jamii ilikuwa imepasuka katikati. Hata hivyo, wafuasi wa pande zote mbili walikuwa na timu moja ya kushangilia.

Unaweza kuuliza: mbona mtu aliyechaguliwa na kabila zote akaunga mkono timu ya kabila moja? Swali poa. Siku hizo, ukitoka mashambani ukija jiji, chama cha watu wa kwenu ndicho kilikusaidia kupata kazi, chumba, na hata gari la kurudisha maiti nyumbani. Timu zilitoka humo. Mboya alianza na watu pale walipokuwa. Lakini pia ni kweli kwamba mipaka hiyo ya kabila haijaisha kwenye viwanja vyetu, na kazi hiyo hakuimaliza.

Hakupewa muda. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Hakurudi tena kwake Lavington. Alikuwa na miaka 38, na Gor ilikuwa na miezi 16 na ushei. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa, ila swali la nani alimtuma linaulizwa hadi leo.

Timu iliendelea. Mwaka wa 1976 ilishinda ligi bila kupoteza mechi, na 1987 ikachukua Kombe la Washindi Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, pale Kasarani.

Kwa hivyo hata kama wewe ni wa Ingwe, mheshimu huyu mzee ambaye hakuwahi kuwa mzee. Kila mahali alipoona watu wametawanyika, iwe kazini au uwanjani, aliwapanga wakawa kikosi. Kikosi cha Kenya nzima ndicho bado tunakingoja.